Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Msitu na Kuuliza Chakula Kilosa

Saa 11:30 alfajiri. Februari wilayani Kilosa ni mwezi wa matope, kwa hiyo nikitoka gesti humuuliza kwanza dereva kama njia ya kijijini inapitika. Mimi ni mtafiti wa misitu kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Msimu huu tunataka kujua msitu wa kijiji una miti kiasi gani na kaya zinazouzunguka zinapata humo chakula gani. Mwezi huu tumeuchagua kwa makusudi, kwani ghala limekwisha na mahindi ya shambani bado ni mabichi.

Saa 1:00 asubuhi tunaripoti ofisi ya kijiji. Mtendaji anasoma barua ya utambulisho, tunasaini kitabu cha wageni, na wajumbe wa kamati ya maliasili wanaungana nasi. Hilo si suala la adabu peke yake: Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia.

Saa 2:15 mpaka saa 6:00 mchana tuko msituni. Eneo la sampuli ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 15. Miti minene hupimwa katika duara zima, na myembamba katika maduara madogo yaliyo ndani yake. Kila mti unazungushiwa tepu kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mjumbe anautaja jina, nami naandika: myombo, mtondoro, mninga, myombo tena. Baadaye tunaingia sehemu iliyovunwa kwa ajili ya mkaa. Katika baadhi ya vijiji vya wilaya hii huvunwa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kikikatwa na cha jirani kikiachwa, mfano wa bao la drafti, na mpango ni kutokirudia kitalu kabla ya miaka 24. Visiki vimechipua, na baadhi ya machipukizi yamekwisha kunipita kimo.

Chini ya myombo mmoja mkubwa, mjumbe wetu, mama wa makamo, anaachia tepu na kuinama. Anafukua majani makavu kwa vidole hadi uyoga wa rangi ya chungwa unapojitokeza; anaunusa, anaupasua shina kuangalia kama una funza, kisha anaufunga kwenye pindo la kanga. Uyoga huo hauoti popote tu. Uyoga ni tunda la kuvu, na nyuzi za kuvu hiyo zimeshikamana na mizizi ya myombo: kuvu huupatia mti maji na fosforasi, mti nao huilisha kuvu sukari. Ukifyeka na kung'oa visiki ili ulime, uyoga huo unaondoka pamoja na mti, na utabaki ule wa vichuguuni unaotegemea mchwa.

Saa 8:00 mchana tunaanza mahojiano ya kaya. Kipimo chetu cha lishe kinahusu wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo anayehojiwa ni mama mwenye nyumba, ingawa mama mkwe wake, aliyekaa pembeni akichambua mlenda, ndiye anayejibu zaidi. Tunauliza alichokula jana tangu alipoamka mpaka alipolala. Ugali, bibi anamjibia, na mlenda. Namwonyesha ungo wenye uyoga ulioanikwa.

"Na huu, bibi?"

"Huo nao unauandika, mjukuu wangu? Huo si tunaokota tu?"

"Nauandika, bibi."

Jibu hilo la bibi, "tunaokota tu", nimelisikia katika nyumba nyingi, nalo ndilo linalonisumbua. Dodoso lina makundi 10 ya vyakula, na mwanamke aliyefikisha 5 huhesabiwa kuwa amekula mchanganyiko wa kuridhisha. Uyoga umo kwenye kundi la mboga nyingine, pamoja na bamia na bilinganya. Aliyekula bamia jana haongezewi alama kwa uyoga. Kwenye fomu ya miti uyoga hauna hata safu. Hivyo kijiji kinapokaa kuamua kama kipande cha msitu kigeuzwe shamba, magunia ya mahindi na ya mkaa yanahesabika, lakini kitoweo cha Februari hakionekani popote. Sisemi kwamba uyoga unaondoa njaa. Hakuna anayeshiba uyoga, na iko aina inayoua. Hata hivyo, katika miezi ambayo fedha ya kununulia dagaa haipo, ndio unaoteremsha ugali.

Saa 2:00 usiku, umeme ukiwa umerudi, natuma takwimu chuoni na kumpigia simu mwenzangu wa lishe. Tunavutana kidogo kuhusu urefu wa dodoso, kisha tunakubaliana kuongeza swali moja: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi kitoweo kilitoka msituni? Uyoga utapimwa ukiwa mbichi na tena ukikauka, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Mizani ndogo tulizo nazo hazitoshi timu zote. Dereva anasema anamfahamu muuza karanga wa stendi atakayetuazima yake.