Cheti kinatoka kesho, akaunti ya benki haitoki

Kusajili kampuni ugenini siku hizi si kazi kubwa. Uingereza au Estonia unajaza fomu mtandaoni, unalipa ada, na mara nyingi ndani ya siku chache cheti unacho. Ndiyo maana mawakala wanauza kampuni kama vocha. Shida huanza cheti kikishapatikana, na huanzia benki. Kwa hiyo nenda kinyumenyume: tafuta kwanza benki itakayokubali kukufungulia akaunti, ndipo uchague nchi.

Benki itataka kujua wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, ni kina nani (aghalabu wenye zaidi ya asilimia 25 ya hisa), mtaji umetoka wapi, wateja wako wako nchi gani, na kwa nini umeichagua nchi hiyo. Swali hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Kampuni isiyo na mteja, mfanyakazi wala msambazaji ndani ya nchi huonekana ganda tupu. Peleka mkataba hata mmoja uliosainiwa, taarifa za akaunti yako binafsi za miezi 6, na maelezo ya biashara ya ukurasa mmoja yanayotaja kiasi utakachopokea kwa mwezi na kutoka wapi. Majina nayo yafanane herufi kwa herufi. Pasipoti ikiwa na majina matatu na bili ya umeme mawili, mfumo wa uhakiki huona watu wawili tofauti, na ombi linakaa wiki nzima bila jibu.

Hati zinazovuka mpaka huhitaji kuthibitishwa. Nchi zote mbili zikiwa wanachama wa Mkataba wa Apostili wa Hague wa 1961, kwa kawaida muhuri mmoja, uitwao apostili, unatosha. Mojawapo ikikosekana, kwa kawaida hati hupita kwa mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Usiharakishe kutafsiri kabla ya apostili, kwani muhuri wenyewe utabaki bila tafsiri na utarudishwa mwanzo. Wala usizichukue mapema mno; ofisi nyingi hukataa hati iliyozidi miezi 3.

Ujerumani ina mpangilio wake. GmbH, yaani kampuni ya dhima yenye ukomo ya huko, inadai mtaji wa yuro 25,000, na angalau 12,500 ziwe zimelipwa kabla ya kuombewa usajili. Unasaini kwa mthibitishaji, unafungua akaunti ya kampuni iliyo bado katika kuundwa, unaweka pesa, ndipo mthibitishaji apeleke maombi kwenye rejista. Anayesaini mikataba kwa jina la kampuni katikati ya hatua hizo anawajibika mwenyewe kwa mali yake. Pango la ofisi ndilo hunasa watu hapo.

Sasa kodi, na hapa ndipo ushauri wa mitandaoni unapotosha zaidi. Nchi nyingi hazitazami cheti tu. Zinatazama maamuzi yanafanyikia wapi. Mkurugenzi pekee akiendesha kila kitu kutoka sebuleni kwake, nchi aliko inaweza kuidai kampuni kodi kana kwamba imesajiliwa kwake. Kadi ya ukaazi wa kidijitali ya Estonia, iliyoanza Desemba 2014, si viza, si kibali cha kuishi, wala haikufanyi mlipakodi wa huko. Ni kweli Estonia haitozi kodi ya faida mpaka faida igawiwe, lakini nafuu hiyo hailazimishi nchi unayoishi ikuache. Soma mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili kati ya nchi hizo, kama upo, kabla ya kusajili.

Marekani mtego ni fomu. LLC (kampuni ya dhima yenye ukomo ya huko) yenye mmiliki mmoja asiye mkaazi, kama haijachagua kutozwa kodi kama kampuni kamili, hupeleka fomu 5472, ya kuripoti miamala kati yake na mmiliki, pamoja na ganda la fomu 1120 ya kodi ya kampuni, hata kama haidaiwi senti. Mtaji uliouweka mwenyewe tayari ni muamala wa kuripotiwa. Faini ya kutopeleka ni dola 25,000. Namba ya EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni, kwa asiye na namba ya hifadhi ya jamii wala namba nyingine ya mlipakodi ya Marekani, haiombwi mtandaoni: fomu SS-4 hutumwa kwa faksi au posta, au unapiga simu.

Uingereza mtego ni tarehe. Taarifa ya uthibitisho, ya kuthibitisha kuwa maelezo ya kampuni kwenye rejista ni sahihi, hupelekwa kila mwaka, ndani ya siku 14 baada ya kipindi kuisha. Hesabu za mwaka ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na zile za kwanza miezi 21 tangu kusajiliwa. Kampuni iliyolala bila biashara bado inadaiwa zote mbili. Kuchelewesha hesabu kwa siku moja tu ni pauni 150. Tangu Machi 2024 sanduku la posta halikubaliwi kuwa anwani iliyosajiliwa, na tangu tarehe 18 Novemba 2025 mkurugenzi mpya huthibitishwa utambulisho kwanza.

Ukiamua kuifunga huko, kampuni iwe haijafanya biashara kwa miezi 3. Lipa madeni, hamisha salio lote, ndipo uombe ifutwe kwenye rejista. Ikifutwa pesa zikiwa bado kwenye akaunti, zinakuwa mali ya Taji, yaani dola ya Uingereza, na kuzirudisha mara nyingi humaanisha kuirejesha kampuni yenyewe kwanza.