Kamera ya Uani kwa Mama

Nyumba ya mama iko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi pale: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo kwenye kona. Tulipokuwa wadogo vyumba vya mkono wa kushoto vilikuwa vya wapangaji. Alikuwepo kuli wa bandarini na familia yake, mwalimu ambaye hajaoa, na bibi mmoja wa Pangani aliyekuwa akipika visheti. Nyumba ile mtu hakuweza kuumwa kichwa bila wote kujua. Baba alipofariki mama aliendelea na wapangaji wake, lakini mmoja mmoja wakajenga wakahama. Wa mwisho aliondoka usiku na kodi ya watu, mama akaapa hataki tena kuona vyungu vya mtu mwingine jikoni kwake. Ndivyo alivyobaki peke yake na vyumba sita, miaka 78 mgongoni.

Watoto tuko watatu. Kaka yuko Muscat, dada Mwanza, mimi Dar es Salaam, Tabata. Kila mmoja alishamwomba mama ahamie kwake na kila mmoja akapewa sababu yake. Muscat alishakwenda kutembea, akakuta Kiswahili kimejaa tele ila baraza la kukaa jioni hakuna. Mwanza ni mbali, akifa huko nani atamleta? Kwangu ni ghorofa ya tatu: "Mnataka mniweke juu kama kuku kwenye tenga." Mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 2023 kaka alikuja likizo na kamera mbili ndani ya sanduku, zimeviringishwa kwenye taulo katikati ya tende na halua. Kisa ni kwamba mama alikuwa ameshateleza jikoni mwezi wa Ramadhani na hakumwambia mtu, tukaja kusikia kwa jirani. Kaka alikuwa na mpango wake kamili. Kamera moja sebuleni, moja uani, na programu kwenye simu zetu wote: yeye, mkewe, mimi na mume wangu, dada na shemeji. "Familia nzima tunamwangalia," akasema kwa fahari.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Na mkwe wangu naye ataniona?"

Kaka akajibu ndiyo, si ndiyo usalama wenyewe.

"Ataniona nikiwa kichwa wazi? Nimejifunga kanga kifuani, joto limenishika, natoka kuoga?"

Hapo kaka akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Nimeshasoma maelezo mengi ya watu wanaowafungia wazazi wao kamera, wanaandika habari za lenzi na pembe na ubora wa picha. Sijakuta hata mmoja aliyeandika habari ya mkwe. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe wana mpaka wao, hata salamu ina adabu yake, na sasa mtoto wa watu awe na dirisha mfukoni la kumchungulia mama mkwe saa yoyote anayotaka? Mama alikuwa ameliona jambo ambalo sisi wote, pamoja na kusoma kwetu, hatukuliona.

Masharti akayatoa yeye. Sebuleni hapana, chumbani isitajwe kabisa. Kamera iwe moja tu, uani, juu ya mlango wa korido, itazame jiko na njia ya kwenda chooni, lakini mlango wa choo wenyewe usionekane. Watakaoiona ni mabinti wake wawili tu, na simu hizo zisichezewe na waume. Kaka akaona anaonewa. Si yeye aliyenunua? Si yeye anayelipia bando la ruta kila mwezi?

"Umenunua, Mungu akulipe," mama akamwambia. "Kuona waachie wanawake."

Fundi alitoka Makorora, kijana mwepesi, akamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Alipotaka kuondoka akaniambia neno la siri amelijaza yeye, nisiwe na wasiwasi, kukitokea tatizo ataingia mwenyewe kutoka kwake alitengeneze. Nilimshukuru, nikamlipa, na kabla baiskeli yake haijafika kona nilikuwa nimeshalibadilisha. Sikumshuku. Ila ua ni wa mama, na fundi si binti yake.

Wiki za mwanzo kamera ilinifundisha zaidi habari za mijusi kuliko za mama. Usiku wadudu huizunguka, wadudu huvuta mijusi, na mjusi akipita mbele ya lenzi anakuwa mkubwa kama mamba. Simu inatetemeka: kuna mwendo. Naamka, natazama, tumbo la mjusi. Paka wa mtaa mzima niliwajua. Nikapunguza unyeti wa kamera, nikamwomba jirani awe anafuta utando wa buibui kwa ufagio.

Saa ya kamera nayo ilikuwa na kituko. Ilitoka kiwandani na majira ya China, saa tano mbele yetu, na fundi hakuigusa. Siku moja jioni nikiwa Tanga nilimwonyesha mama picha kwenye simu. Akaona pembeni imeandikwa 9:10, akatazama saa ya ukutani, saa kumi na dakika kumi. "Mashine yenu iko nyuma saa moja," akasema. Kwa hesabu ya Kiswahili alikuwa sahihi kabisa, na nikaiacha hivyo hivyo.

Kisha ikaja Novemba, zile mvua za El Niño. Saruji ya uani ikaota ukijani, inateleza kama imepakwa sabuni.

Mama huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Hutoka na kopo lake, hupita chini ya kamera kwenda chooni, hurudi, hutawadha pale karibu na jiko, huingia ndani na kufunga mlango. Mimi huamka saa hizo hizo Dar, kwa hiyo ilishakuwa kama kuamkiana: simu ikitetemeka najua anatoka, ikitetemeka tena najua amerudi. Alfajiri ile ilitetemeka mara moja. Nikamwona akitoka, kanga kichwani, mkono mmoja ukutani. Nikasali. Nilipomaliza nikaitazama simu, haina jipya. Nikafikiri mvua imeichanganya kamera, nikafungua nitazame moja kwa moja.

Picha ya usiku haina rangi. Matone yalikuwa yanapita kama nyuzi nyeupe, na uani hapakuwa na mtu. Kilichonishtua kilikuwa chini ya picha: mwanga wa taa ya korido umelala juu ya saruji, umenyooka mpaka karibu na jiko. Mlango ulikuwa wazi. Mama hauachi mlango ule wazi hata akienda kuchukua kibiriti, kwa sababu ya paka na dagaa wake.

Nikapiga kitochi chake. Nikakisikia kikilia kule kule, kupitia kamera, mbali, chumbani kwake chini ya mto. Kikalia mpaka kikakata. Nikabonyeza kitufe cha kuongea nikaita, "Mama! Mama, unanisikia?"

Kimya, mvua tu. Kisha sauti yake, ndogo lakini imetulia kabisa:

"Nipo. Punguza sauti, utaamsha watu."

"Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Chini."

Nikamwuliza anaweza kuinuka. Akasema mkono unamkatalia na goti halina nguvu, kwa hiyo anapumzika kwanza. Alikuwa amelowa, yuko kwenye sakafu ya choo alfajiri ya mvua, na ananieleza kama mtu aliyechelewa basi. Kamera nilikuwa nayo, sauti nilikuwa nayo, na kati yangu na yeye kilomita zaidi ya mia tatu. Nilichokuwa sina ni mkono wa kumshika.

Mkono alikuwa nao Mama Vitumbua, nyumba ya pili. Saa zile jiko lake linakuwa limeshawaka. Akapokea akidhani naagiza vitumbua vya shughuli, na nilipomweleza hakuuliza swali la pili, nikasikia kandambili zake zikikimbia. Kisha akarudi kwenye simu: "Mdogo wangu, mlango una komeo kwa ndani."

Komeo lile la chuma baba alilifunga mwenyewe enzi za wizi mwingi. Madirisha yote yana nondo. Ukuta wa ua una chupa zilizovunjwa, zimepandwa kwenye saruji juu kabisa. Yaani nyumba ilikuwa salama kiasi kwamba wa kumsaidia mama hakuwa na pa kuingilia. Katika mipango yote ya kaka, pembe za kamera na ukubwa wa kadi ya kumbukumbu, hakuna aliyeuliza: tukishaona, nani ataingia, na ataingia kwa wapi?

Mtoto wa Mama Vitumbua, kijana wa kidato cha tatu, alipanda juu ya pipa na gunia mkononi. Niliona gunia likitupwa juu ya zile chupa, kisha viganja viwili, kisha kichwa. Mguu mmoja ukavuka. Hapo picha ikaganda. Umeme umekatika Ngamiani, ruta imezima, na programu ikaniandikia kwamba kifaa hakipo hewani.

Dakika zilizofuata sitazieleza sana. Mume wangu aliamka akaniona nimekaa kitandani nimekodolea simu yenye kijana aliyeganda juu ya ukuta. Akanyoosha shingo atazame, nikaigeuza. Hata katika hali ile sharti la mama lilikuwa linafanya kazi.

Simu ilipolia ilikuwa ya Mama Vitumbua, anahema. Wamefungua, yuko ndani, mama ni mzima, mkono wa kulia umevimba. Nyuma yake nikasikia mabishano. Kijana yuko tayari kumbeba na mama hataki kubebwa mpaka aletewe kanga kavu, na si ile ya juu kabatini, ile ni ya harusi. Kijana akangoja mlangoni amegeuza uso, mama akafungwa doti yake, ndipo akakubali. Bajaji ikawapeleka Hospitali ya Bombo, mimi nikakimbilia stendi ya Magufuli, Mbezi, kupanda basi la kwanza nililolikuta.

Nilipofika alasiri alikuwa ameshapigwa picha. Nyonga nzima, alhamdulillah, kifundo cha mkono kimevunjika, wamemfunga plasta ngumu. Amekaa kitandani anawasimulia wageni, na katika simulizi yake ukuta aliopanda kijana ulikuwa unaongezeka urefu kila mgeni mpya akiingia.

Usiku, wageni walipotoka na umeme umerudi, akaniomba nimwonyeshe. Nikajua anataka kumwona kijana ukutani, lakini hapana, alitaka kujiona yeye. Nikarudisha mpaka pale anapotoka mlangoni. Akatazama, akaniambia nirudie.

"Tangu lini natembea nimeshika ukuta?"

Sikuwa na jibu. Kadi ilikuwa na wiki kadhaa ndani, tukaanza kurudi nyuma, alfajiri moja baada ya nyingine, mama na kopo lake. Jana yake ameshika ukuta. Siku tatu nyuma ameshika, tena mlangoni alisimama kidogo, kichwa ameinamisha. Tukazidi kurudi mpaka mwezi uliotangulia, na hapo alikuwa anapita katikati ya ua bila kugusa kitu, kopo likining'inia kidoleni. Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, kwamba vile vidonge vipya vya presha alivyoanza mwezi ule vinampa kizunguzungu akiinuka, yeye akadhani ni njaa.

Kesho yake nikaenda naye kliniki na simu yangu. Daktari, mama wa makamo, ndiye mtu wa kwanza nje ya mabinti aliyeruhusiwa kutazama. Akaangalia mara mbili, akampima presha amelala, akamsimamisha akampima tena, na ya kusimama ilikuwa imeshuka sana. Akabadilisha dozi, akamwambia akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda ahesabu taratibu kabla ya kusimama. Mama akauliza ahesabu mpaka ngapi. Daktari akamwambia avute tasbihi mara 33. Hilo alilipenda.

Kabla sijarudi Dar tulisugua ua kwa brashi na chokaa, fundi bomba akachomelea chuma cha kushikia kutoka jikoni mpaka chooni, na kitochi kikashonewa mfuko wa kuning'iniza shingoni. Chumba cha mbele akaingia binti anayesomea uuguzi, kwa sharti kwamba vyungu vyake atapikia upande wake. Kaka alipiga simu kutoka Muscat akidai kwamba kwa yaliyotokea sasa na yeye apewe neno la siri. Mama akamwuliza kama angeruka ukuta kutokea huko.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa komeo. Mama alilitetea siku nzima, mara wezi, mara ni kumbukumbu ya baba yenu. Mwishowe akakubali liondolewe, iwekwe kitasa cha ufunguo, na ufunguo wa pili akae nao Mama Vitumbua. Nikapendekeza wa tatu tumpe yule kijana, kama mama yake hayupo.

"Wa nini?" mama akasema. "Yeye njia yake si anaijua?"