Kumbukumbu ya mradi: kurudisha diski ya bakapu kwenye mashine ileile

Ijumaa jioni

Zoezi la safari hii ni kuchukua bakapu ya diski ya data na kuirudisha kwenye mashine pepe ileile inayoendelea na kazi. Mradi wenyewe ni hifadhi ya rekodi za sauti: faili za sauti na hifadhidata ya PostgreSQL zinakaa kwenye diski moja yenye mfumo wa faili wa XFS, na mashine ni ya Linux kwenye wingu la Amazon. Hakuna kilichoharibika. Nataka kuijua njia nikiwa bado nina utulivu.

Kwa nini nisijenge tu mashine mpya? Kwa sababu ninachotaka kirudi nyuma ni data peke yake. Mashine mpya inakuja na anwani mpya ya ndani, na hapo unaanza kuhangaika na kanuni za ngome ya mtandao (firewall), funguo, vyeti na jina la seva. Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: faili kwenye diski haibebi jina la mwenyewe, inabeba namba yake. Mtumiaji postgres akiwa namba 113 hapa na 115 kule, hifadhidata itagoma kuwaka ingawa data ni nzima.

Bakapu hairudi ndani ya diski ya zamani. Kwa Amazon, bakapu huzaa diski mpya, yenye ukubwa uleule au zaidi, kamwe si pungufu. Diski hiyo lazima izaliwe kwenye kanda (availability zone) ileile ilipo mashine. Bakapu inatumika katika eneo zima (region, lenye kanda kadhaa), lakini diski ya eu-west-1a haichomekeki kwenye mashine iliyoko eu-west-1b, hata ufanyeje.

Jumamosi

Nimeichomeka diski mpya kwa jina la /dev/sdf. Ndani ya mashine hakuna sdf yoyote. Ninaona nvme1n1 na nvme2n1, ukubwa sawasawa, na namba hizo zinaweza kubadilishana mashine ikiwashwa upya. Hapa hakuna kukisia:

`lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,UUID`

Safu ya SERIAL inaonyesha kitambulisho cha diski kama kilivyo kwenye ukurasa wa Amazon, ila kistari kimeondolewa. Nimelinganisha herufi kwa herufi kabla ya kugusa chochote.

Safu ya UUID, yaani kitambulisho cha mfumo wa faili, ndiyo yenye mambo. Diski mbili, UUID moja, maana hii mpya ni pacha wa ile ya zamani. Ukijaribu kuipachika, amri ya mount inatoa ujumbe wa kutisha kwamba huenda mfumo wa faili si sahihi au umeharibika. Usihangaike nao, soma dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kiini cha Linux): pale XFS inasema wazi kwamba UUID imejirudia.

Ushauri uliozoeleka ni kumpa pacha UUID mpya kwa xfs_admin. Kwa kazi hii siukubali. Diski mpya inakuja kushika nafasi ya ile ya zamani, na fstab yangu (faili inayosema diski ipi ipachikwe wapi) inaita diski kwa UUID. Nikiiacha kama ilivyo, siku ya kubadilishana sigusi faili hata moja. Kwa kuchungulia tu, hii inatosha (ro ni kusoma tu, nouuid ni kupuuza UUID iliyojirudia):

`mount -o ro,nouuid /dev/nvme2n1 /mnt/kagua`

Hiyo ro isikudanganye. XFS ikikuta mabadiliko ambayo hayakukamilika, itayakamilisha kwa kuandika kwenye diski hata hivyo. Asiyetaka chochote kiandikwe aongeze norecovery. Mimi sikuongeza, kwa kuwa bakapu haiguswi na naweza kuzaa diski nyingine wakati wowote.

(Kwa diski ya mfumo, pacha ni hatari zaidi. Mashine ikiwashwa upya zote mbili zikiwa zimechomekwa, inaweza kuwaka kwa ile usiyoitaka.)

Orodha ya faili ilitoka upesi, lakini kufungua rekodi ya zamani kulisuasua. Diski inaonekana kamili tangu mwanzo, kumbe vipande vyake huvutwa kutoka S3, hifadhi ya Amazon inakokaa bakapu, pale tu vinapoguswa kwa mara ya kwanza. Hifadhidata isingefurahia hali hiyo, kwa hiyo nimeamua kuisoma diski nzima mapema na kwenda zangu kulala:

`dd if=/dev/nvme2n1 of=/dev/null bs=1M`

Jumapili alfajiri

Kubadilishana kwenyewe. Nilisimamisha programu ya mradi, nikasimamisha PostgreSQL, nikabandua diski zote mbili kwa umount, nikaichomoa ya zamani kwenye ukurasa wa wingu, kisha mount -a. Fstab ikaitafuta UUID yake, ikaikuta kwa mgeni, ikampachika. Mashine haikuzimwa.

PostgreSQL ilipowaka iliandika kwenye logi kwamba haikuzimwa vizuri na inajirekebisha yenyewe. Ndicho nilichotarajia: bakapu ilichukuliwa ikiwa kazini, hivyo kwake ni sawa na umeme kukatika ghafla. Ilipitia WAL (daftari ambamo huandika kila badiliko kwanza), ikamaliza, ikafungua milango. Inawezekana kwa sababu data na WAL viko diski moja. Ukivitenganisha kwenye diski mbili, bakapu zake lazima zichukuliwe kwa wakati mmoja, la sivyo moja itakuwa imetangulia nyingine.

Rekodi zilizoongezwa baada ya usiku wa bakapu hazimo, na hazikutakiwa kuwemo. Ziko kwenye diski ya zamani. Baadaye nitaichomeka tena, niipachike kwa ro,nouuid, nichukue faili za sauti. Safu za hifadhidata nitaziingiza upya kwa kupitisha faili hizo kwenye programu. Kunakili folda ya PostgreSQL vipandevipande ni kujitafutia balaa.

Jumatatu

Ratiba ya bakapu huchagua diski kwa lebo, na diski iliyozaliwa kutoka kwenye bakapu hairithi lebo. Maana yake, kuanzia jana diski yenye data yangu yote ilikuwa nje ya ratiba, na hakuna tahadhari yoyote iliyotolewa. Nimeiwekea lebo, na ya zamani nimeivua. Nikiona bakapu ya usiku huu imetokea yenye kitambulisho kipya, nitamalizana na diski ya zamani, ambayo hata ikiwa imechomolewa bado inalipiwa.

Kinachofuata ni diski ya mfumo. Amazon wana njia ya kuibadilisha mashine ikiwa ileile, mradi bakapu iwe ya ukoo wa diski iliyopo.