Tulivyoweka njia, kiwanja cha shule na bomba la maji kabla mashamba hayajaisha

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya 2022 ikahesabu 541,603. Hao zaidi ya laki na nusu walioongezeka hawakwenda kubanana Mwanjelwa wala Soko Matola, kwa sababu huko hakuna pa kujenga. Wengi walikuja pembezoni, na sisi wa upande wa Uyole tuliwaona wakija: leo shamba la viazi, kesho tofali zimemwagwa, mwezi unaofuata bati linang'aa.

Kwetu shamba huuzwa kwa hatua. Mwenye shamba anapiga hatua ishirini kwa ishirini, mnunuzi anachomeka mijiti, karatasi ya mauziano inaandikwa mbele ya mashahidi, biashara imekwisha. Njia inayoachwa ni ya kupita toroli. Wanunuzi wa mwanzo hawaoni shida, maana bado wanakatisha kwenye mahindi ya jirani. Jirani naye akiuza, anayekuja mwisho anabeba tofali kichwani tangu barabarani. Mtaa mmoja jirani na wetu ulijaa namna hiyo, na leo gari la zimamoto haliwezi kufika hata nyumba ya tano.

Nilichaguliwa katibu wa kamati ya urasimishaji, yaani ya kupanga na kupima makazi, wakati mashamba mengi ya mtaa wetu yalikuwa bado hayajakatwa. Nililishika jambo moja na sikuliachia: ardhi ya njia na ya shule ipatikane kwanza, hela tutaitafuta baadaye. Hela ya kalavati unaweza kuisubiri miaka mitatu ukaipata. Mita nane za njia zikishajengewa nyumba ya mtu huzipati tena, labda ulipe fidia, na fidia ndiyo inayoua miradi mingi.

Kuchora mchoro wa mipango miji ni kazi ya halmashauri, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ndiyo inayouongoza. Ila mchoro huchukua muda, na wauzaji hawasubiri. Kwa hiyo tulianza na mkutano mkuu wa mtaa. Tukakubaliana kuwa ofisi ya mtaa haitashuhudia mauziano yoyote ambayo karatasi yake haionyeshi njia ya mita nane upande mmoja wa kiwanja. Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja aliuliza kwa nini apoteze hatua zake bure. Aliyemjibu ni dalali, si mimi: kiwanja kinachofikika kwa gari kinauzwa bei nyingine kabisa, na hizo hatua zinarudi zote kwenye bei. Watu walinyamaza wakipiga hesabu. Tangu siku hiyo madalali wakawa walinzi wetu wa kwanza. Afisa mipango miji alipokuja na mpima, alikuta njia nyingi zimeshanyooka, akaziingiza kwenye mchoro karibu zilivyo, na bikoni, yaani alama za mipaka za mpima, zikafuata.

Kiwanja cha shule ndicho kilichotutoa jasho.

Watoto wetu walikuwa wakivuka barabara kuu ya Tunduma kwenda shule, asubuhi na mchana, katikati ya malori ya Zambia. Kila mzazi alilijua hilo. Lakini ukitaja ekari za kutoa, kila mtu anaangalia chini. Shamba lililofaa, tambarare na lililo mbali na korongo, lilikuwa la mzee mmoja ambaye alikuwa ameshapata mnunuzi wa kipande chake. Nilimkuta shambani akishindilia gunia la viazi kwa goti, mke wake akishona mdomo wa gunia lingine kwa kamba ya katani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na ile shule yako tena?"

Nikamwambia nimekuja nayo. Akasema hakatai shule, anachoogopa ni watu. Alishaona kwingine mzee anatoa eneo la zahanati, anakufa, mwenyekiti mpya anagawa viwanja. Hofu hiyo ilikuwa ya haki na sikuipinga. Nikamweleza kwamba hatutaandika jina la mtaa wala la kamati. Eneo litaandikwa kwa jina la halmashauri, mwanasheria wake akiwepo, wanawe wote wakitia saini, na litawekewa bikoni wiki hiyohiyo. Wala halitakuwa la bure: kila aliyenunua kiwanja kwetu atachangia, naye alipwe kwa awamu.

Alikaa kimya, anachomoa viazi vidogo juu ya gunia na kuviweka pembeni. Mke wake ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye kamba: "Wajukuu zako wanavuka ile lami kila siku. Unamngoja nani mwingine aseme?"

Mzee akauliza awamu ya kwanza itakuwa lini.

Ulipaji ulichelewa kuliko tulivyopanga, lakini ulikamilika, na risiti zote ninazo kwenye faili. Baada ya hapo tulipita nyumba kwa nyumba na daftari, tukiandika watoto kwa umri: wa kuanza awali mwakani, wa darasa la kwanza, na wanaofuata. Hii kazi ya daftari naisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya kama sisi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Ukienda kwa afisa elimu kusema "watoto ni wengi" utapewa kiti na pole. Ukimwekea mezani orodha inayoonyesha madarasa yatakayohitajika mwakani na mwaka wa mbele yake, anaanza kuandika. Tuliruhusiwa kuanza na shule shikizi, yaani tawi la watoto wa awali na madarasa ya chini, chini ya ile shule mama ya ng'ambo ya lami. Wananchi tulinyanyua maboma, yaani kuta za madarasa yasiyoezekwa bado, mpaka kwenye lenta kwa michango na nguvu zetu, mchanga na mawe vikitoka hapahapa. Serikali ina utaratibu wa kutoa shilingi milioni 12.5 kukamilisha boma moja la darasa, nasi tukaingia kwenye foleni hiyo tukiwa na maboma yaliyosimama. Mwenye boma huonekana.

Kwenye barabara kuna jambo wengi hawalijui. TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa 2017, hutengeneza barabara zilizomo kwenye mtandao wake. Njia yenu ikiwa nzuri namna gani, kama haijaingizwa huko haina fungu, na mtalalamika mpaka mchoke. Tuliandika barua kupitia kwa mtendaji wa kata, tukaambatanisha mchoro uliopitishwa, tukaomba njia kuu mbili za mtaa ziingizwe. Zilipoingia ndipo greda likaja, na moramu baadaye. Uchochoro uliobaki tunauparua wenyewe kwa majembe kila masika yakiisha.

Maji nayo yana ujanja wake. Mwanzoni kila nyumba ilivuta bomba lake la nusu inchi kutoka mbali, moja juu ya jingine, na aliye mwisho alipata tone usiku wa manane. Mamlaka ya maji haikuwa na sababu ya kulaza bomba kubwa mahali ambapo haijulikani barabara itapita wapi, na hapo ndipo zile mita nane zilipotusaidia mara ya pili. Fundi wa mamlaka alipoona bikoni alijua pa kupita. Tukakubaliana sisi tuchimbe mtaro, wao walete mabomba na mafundi. Tulichimba kwa zamu, kila kaya kipande chake kilichopimwa kwa kamba, kina cha kumfika mtu kiunoni. Tulishikilia kwamba bomba lilale ukingoni mwa hifadhi ya barabara, si katikati, kwa sababu tulishaona kwingine greda likipasua bomba jipya, barabara inakuwa mto na mtaa unakaa kiu. Nguzo za umeme tuliziombea ukingo wa pili. Ukiwakutanisha watu wa barabara, maji na umeme siku moja, juu ya ardhi yenyewe, mambo yanakwenda. Ukiwaacha kila mmoja na barua yake, anayefuata anabomoa cha aliyetangulia.

Kuna kipande kimoja tulichokikataa kabisa, nacho ni kando ya korongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na tulikuwa tukiwatajia watu hiyo mita 60 wakatuona wakorofi. Aprili 2024 udongo uliporomoka kutoka Mlima Kawetele ukafukia nyumba pale Itezi. Hakuna aliyetuita wakorofi tena. Eneo hilo tumepanda miti.

Na kalenda, jamani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukisubiri Julai umechelewa. Vipaumbele vya mtaa vinatakiwa viwe vimefika Kamati ya Maendeleo ya Kata mwishoni mwa mwaka, ili viwahi vikao vya halmashauri na baraza la madiwani, kisha vipelekwe juu kabla Bunge halijakaa Aprili. Kwa hiyo mkutano wetu wa vipaumbele tunaufanya Oktoba, wakati watu wanaandaa mashamba na wapo nyumbani. Tunapeleka mambo matatu tu, na kila moja lina mchoro, idadi ya watu na kile ambacho wananchi wameshafanya. Orodha ya mambo kumi na tano haisomwi.

Kilichobaki ni sekondari. Watoto wa shule shikizi wanakua, na kwa daftari letu kundi la kwanza kubwa litamaliza shule ya msingi kabla kata haijapata nafasi za kutosha. Eneo tumeshalipata, ni dogo kuliko tunavyotaka, na majirani wawili wako tayari kubadilishana mipaka ili liongezeke. Wiki hii tunakaa nao pamoja na mpima. Bikoni zikisimama, barua inakwenda kata kabla ya kikao cha Novemba.