Siku nne Lamu na marafiki zangu

Nimerudi Nairobi jana usiku na bado nasikia mchanga kwa viatu. Tulikuwa watano, marafiki tangu campus, na hii safari tumeiahidiana miaka na miaka, so mwaka huu tukachanga pesa mapema kila mwezi kupitia M-Pesa na ikawezekana.

Tulishuka na treni ya SGR mpaka Mombasa, tukalala, asubuhi tukapanda basi hadi Mokowe, halafu boti. Ni mbali, lakini ukiona ule mji wa mawe ukitokea majini uchovu wote unaisha. Mji wa kale uko kwa orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro vyake ni vyembamba mpaka punda akija na mzigo unajibanza ukutani apite.

Siku ya tatu ndio sitasahau. Nahodha, mzee mpole sana, alitupeleka na mashua hadi Shela, upepo ukazidi, akapitisha ubao mrefu kutoka upande mmoja ili mtu akae juu yake mashua isilale, akaniambia, "Mwanangu, kaa pale mwisho, usiogope." Nikakaa. Miguu inaning'inia juu ya maji, chumvi mdomoni, wenzangu wanapiga kelele za furaha nyuma yangu, na mimi nalia tu kwa raha.

Jioni tulikula samaki wa kupaka pale ufukweni, hakuna aliyegusa simu. Desemba tunarudi, na safari hii namleta mamangu.