Mjomba, mtu wa Sunderland

Aliyefurahi kuliko wote niliposema nahamia Newcastle, Uingereza, alikuwa mjomba wangu, na wala hakufurahia kazi niliyopata. Swali lake lilikuwa moja tu: "Hapo na Sunderland ni mbali?" Nikamwambia kama nusu saa kwa treni. Akaita watu waje wasikie.

Kwa vijana wasiojua, Simba, klabu yetu ya mpira ya Dar es Salaam, ilizaliwa mwaka 1936, baada ya kundi la watu kujitenga na Yanga, watani wetu mpaka leo. Ilianza kwa jina la Queens, ikabadilishabadilisha majina, na mpaka inaitwa Simba mwaka 1971 ilikuwa ni Sunderland. Mjomba alikuwa bado kijana jina lilipobadilishwa. Kwake yeye Sunderland ilikuwa timu yake kabla haijawa Simba, yaani Mnyama, habari za mji wa Waingereza wenye upepo wa bahari alikuwa hana. Kwa hiyo mpwa wake alikuwa anakwenda kukaa jirani na kwao. Siku nilipomweleza kwamba watu wa Newcastle na watu wa Sunderland hawapikiki chungu kimoja, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa mjomba, ndiyo umekwenda kupanga Jangwani?" Jangwani ndiko makao ya Yanga.

Alifariki mwishoni mwa mwaka 2025.

Alikuwa fundi cherehani Kariakoo, na miaka yote hiyo niliyokaa huku tulikuwa tunaongea karibu kila baada ya mechi. Wanaume wa rika lake hawakuulizi kama una upweke. Anaanza na kipa, anashuka kwa mabeki, anamlaumu kocha, na mahali fulani kati ya kona na penalti unasikia kwamba sukari imepanda, kwamba mwenye nyumba ameongeza kodi ya fremu, kwamba binamu yako kafaulu. Usiposikiliza mpira vizuri, habari za familia zinakupita.

Ombi langu la kibali cha kuendelea kuishi huku lilipokataliwa, yeye ndiye mtu pekee wa nyumbani niliyemwambia. Hakunipa pole. Alinirudisha mwaka 1979, Simba inafungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao manne kwa bila, tena Dar es Salaam, mbele ya watu wake. Wiki ile, kwa maelezo yake, alishona nguo za wateja mikono ikiwa haina nguvu. Halafu timu ikapanda kwenda Lusaka kwenye marudiano, ambako kila mtu alijua inakwenda kukamilisha ratiba, ikashinda tano bila. "Nne nyumbani, tano ugenini," akasema. "Na wewe hapo si uko ugenini?" Nikakata rufaa.

Zile sita za tarehe 19 Julai 1977, siku Abdallah Kibadeni alipoifunga Yanga mabao matatu peke yake, alizisimulia moja moja, kila bao na ubavu wake wa uwanja. Ukimkumbusha kwamba Yanga nao walitupiga tano mwaka 1968, anakuuliza sita na tano ipi kubwa. Lakini tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walipotufunga tano kwa moja, simu yake ilizimwa. Aliponipigia baada ya siku kadhaa aliniuliza hali ya hewa ya Newcastle. Hakuwahi kuniuliza hali ya hewa kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Kazini kwangu yupo mzee mmoja wa Kiingereza, Sunderland damu, anayesafiri kila siku kuja kufanya kazi mji wa mahasimu wake kwa sababu ya mshahara. Nilipomsimulia kwamba Tanzania kulikuwa na Sunderland yetu, na kwamba mpaka leo inavaa nyekundu na nyeupe kama yao, alidhani namtania. Nikamwonyesha picha. Wiki iliyofuata akaniletea skafu ya sufu, nene, ya kuzuia theluji, nimpelekee mjomba. Nikampa mtu aliyekuwa anasafiri. Mjomba akaivaa Dar es Salaam, kwenye joto lile, jasho linamtiririka, akapiga picha mbele ya cherehani yake. Picha hiyo mzee wa kazini kaibandika kwenye kabati lake mpaka leo.

Mei 2025 ilikuja wikiendi ambayo sidhani kama nitaiona nyingine mfano wake. Jumamosi tarehe 24, Sunderland waliifunga Sheffield United mbili kwa moja pale Wembley, bao la ushindi likiingia dakika za nyongeza, wakarudi Ligi Kuu ya Uingereza. Kesho yake Simba ilikuwa Zanzibar, uwanja wa Amaan, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, huku tukidaiwa mawili ya kule Morocco. Mjomba alikuwa ameshaanza kuumwa, lakini Jumamosi usiku alinipigia anacheka. Nikamkumbusha Mufulira. Akasema ishara zote zimetimia, ndugu zetu wa Uingereza wametangulia, sisi tunafuata. Mutale wetu akafunga mapema, nikasikia kelele zao zote kwenye simu. Halafu bao likagoma. Berkane wakasawazisha mwishoni, moja moja, kombe likaenda Morocco.

Nilitegemea ataumia vibaya, maana mwaka 1993 alikuwepo Uwanja wa Taifa Stella Abidjan walipotufunga mbili kwenye fainali ya Kombe la CAF, baada ya sisi kutoka sare ya bila kufungana kwao. Ile hakupenda hata kuitaja. Safari hii alisema tu, "Mbili za uzeeni ni bonasi, mjomba." Sikumwelewa. Alimaanisha fainali mbili ndani ya maisha ya mtu mmoja, na ya pili hakuitarajia.

Alifariki usiku, akazikwa kesho yake baada ya Adhuhuri. Anayeishi ughaibuni na ana ndugu Waislamu anaijua hesabu hii: hata ungekuwa na tiketi mkononi, ndege haikufikishi. Nilizika kwa WhatsApp, kijana wake wa kazi akishika simu, nusu ya kioo kidole chake. Niliona vizuri jambo moja. Mtu mmoja wa tawi lao alitoka na bendera ya Simba akataka kuitandika juu ya jeneza. Shehe akamzuia kwa upole, akamwambia jeneza lina kitambaa chake. Yule bwana akasimama na bendera yake, hajui aiweke wapi, mpaka jirani mmoja wa Yanga akaichukua, akaikunja vizuri, akaishika mwenyewe njia nzima ya makaburini. Mtu wa Yanga, na bendera ya Simba kifuani.

Wiki chache baadaye mzee wa kazini akanipeleka Stadium of Light, uwanja wa Sunderland. Waingereza wana desturi yao: shabiki wa miaka mingi akifariki, ikifika dakika inayolingana na umri wake watu wanasimama na kupiga makofi. Siku hiyo ilikuwa dakika ya sabini na kitu. Hata mashabiki wa timu pinzani walipiga. Nilipiga na mimi, kwa marehemu wao na kwa wangu, koo limenikaba. Ni heshima safi kabisa, sina neno. Dakika ilipokwisha watu wakaketi, refa akapuliza faulo, tukaanza kumtukana refa.

Ila nilikuwa na njaa ya kitu kingine, na kitu hicho nilikuwa nimeshasimuliwa na mkaza mjomba kwenye simu. Siku ya hitma, walipomaliza kusoma na watu wameshakula, jirani zake wa Yanga walikuja kwa pamoja na jezi zao, wamesimama mlangoni, hawaondoki. Watani wa jadi wana haki zao msibani, na hawa waliamua utani wa mpira nao una haki ile ile. Walikuwa na madai. Marehemu, walisema, alikuwa akiwatoza zaidi kila aliyeleta suruali akiwa mtu wa Yanga, akiita kodi ya kijani, na sasa kaondoka na pesa za wananchi. Warudishiwe. Mmoja akasema hata sita za 1977 alikuwa anazisimulia sana kwa sababu hakuziona, alikuwa amepanda mti nje ya uwanja na jani limemziba. Mkaza mjomba, ambaye siku zote zile alikuwa kimya, akacheka mpaka akashika ukuta. Akawatolea sahani moja ya pilau, akawaambia hiyo ndiyo riba, deni lenyewe wakamdai mwenyewe watakapokutana.

Kwangu mimi huko ndiko kumkumbuka shabiki. Sisi wa upande wake tungemsifu tu.

Cherehani imerithiwa na yule kijana wake wa kazi, ambaye mjomba alimfundisha kila kitu isipokuwa timu ya kushangilia. Ni Yanga, na sasa anashona bendera za kijani na njano kwenye mashine ile ile, kisha ananitumia picha. Nimemwambia mashine ni ya marehemu, kwa hiyo kodi iko palepale, safari hii inalipwa kwa mkaza mjomba. Amekubali, ila anataka msamaha kila Yanga wakishinda mechi ya watani. Nimemkatalia. Analeta ubishi, anasema atalipeleka suala hili kwa wazee wa mtaa, na najua huko nako wengi ni Yanga.