Kwa upande wetu tumemaliza

Mradi ulikuwa wa duka la mtandaoni na kampuni zilizohusika zilikuwa tano, mwenye duka, watengeneza tovuti, watu wa malipo, wasafirishaji wa mizigo na wakala wa matangazo. Mimi nilikuwa mratibu, yaani sina amri juu ya mtu yeyote ila jambo likikwama naulizwa mimi. Kila Jumatatu tunakutana kwa video, zamu ikimfikia mtu anasema kwa upande wetu tumemaliza, naweka tiki ya kijani kwenye spredishiti. Na hawakuwa wanadanganya, hilo naomba lieleweke, kila mmoja alikuwa amemaliza kweli.

Usiku wa kuhamisha duka kwenda seva mpya, yaani kompyuta inayolibeba mtandaoni, tulikubaliana saa nne. Seva mpya iko tayari, malipo yamejaribiwa, matangazo yameshapangwa yaanze saa kumi na mbili asubuhi, kilichobaki ni kubadili rekodi ya DNS ili jina la duka lielekee kwenye seva mpya, kazi ya dakika mbili tu. Nikauliza kwenye grupu, jamani nani ana pasiwedi ya domeini, yaani akaunti lilikoandikishwa jina la duka mtandaoni? Kimya. Watengeneza tovuti walijua anayo mwenye duka, mwenye duka alijua wanayo watengeneza tovuti, kumbe domeini iliandikishwa miaka ya nyuma na mfanyakazi wa wakala wa matangazo kwa imeli yake ya kazini, akaacha kazi, imeli ikafutwa. Kila tukibonyeza umesahau pasiwedi, linki inaenda kwenye imeli ambayo haipo tena.

Nilipiga simu mpaka saa saba usiku nikampata dada mmoja wa IT pale kwa wakala, nikamwamsha. Dada samahani sana, najua huu mradi haukuhusu. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema nipe dakika kumi niwashe kompyuta. Akaifungua upya ile anwani, linki ikaingia, akabadili pasiwedi, na saa nane kasoro rekodi ikabadilika. Nilitamani kulia.

Ila TTL ya ile rekodi, yaani muda ambao intaneti inaendelea kuikumbuka anwani kabla ya kuuliza upya, ilikuwa sekunde 86400, siku nzima, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na njia ya kuingia hakuna aliyeishusha mapema. Basi asubuhi matangazo yameanza, wateja wengine wanafika duka jipya, wengine intaneti yao bado inakumbuka anwani ya zamani wanaangukia duka la zamani, wote wananunua, na wasafirishaji wanaona oda za duka jipya peke yake. Hadi saa tatu ndipo tukafunga mauzo kule kwa zamani. Siku ile mimi na kijana mmoja wa usafirishaji tulihamisha oda moja moja kwa mkono, na waliouziwa kitu ambacho kilikuwa kimeshaisha tuliwapigia wenyewe kuomba radhi na kurudisha hela yao. Wengi walituelewa, mmoja alikata simu na nilimuelewa pia.

Jumatatu iliyofuata nilifuta ile safu ya jina la kampuni kwenye spredishiti, nikaweka jina la mtu mmoja na namba yake ya simu. Mstari wa kwanza niliandika domeini, mbele yake jina la yule dada, likakaa pale mpaka tulipomaliza kuihamishia kwa mwenye duka.